Sura ya Nne: Gari Hili Linataka Betri Gani?

Swali lenyewe huulizwa hivi: "Nimekuta betri mbili dukani, zote zinaingia kwenye gari la mwanangu. Moja imeandikwa 3000, nyingine 9900, na hiyo ya 9900 ndiyo ya bei nafuu. Nichukue ipi?" Anayeuliza anaweza kuwa baba aliyenunua gari la rimoti liwe zawadi ya Idi, au kijana anayeshindana na wenzake kwenye uwanja wa shule kila Jumapili. Wote wawili wanataka kitu kimoja: gari likimbie kwa nguvu, likimbie muda mrefu, na hela isipotee bure.

Jibu langu ni kwamba usianzie kwenye rafu ya duka. Anzia kwenye gari. Gari lina masharti yake, yameandikwa humo humo ndani, na betri isiyotimiza masharti hayo haifai hata ikitolewa kwa bei ya kutupa. Tarakimu kubwa ya kwenye lebo huja nyuma kabisa, na mara nyingine, kama tutakavyoona, ni uongo mtupu.

Fungua gari kwanza

Vua bodi, yaani lile ganda la plastiki lililopakwa rangi, kisha zifuate nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, zinazotoka kwenye betri. Zitakufikisha kwenye kisanduku kidogo, mara nyingi chenye feni au mapezi ya bati ya kupoza joto. Hicho ni kidhibiti mwendo. Ndicho kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani unapobana kifyatuo cha rimoti. Wenye magari haya hukiita ESC, nasi tutakiita hivyo.

Juu ya ESC, au kwenye karatasi iliyokuja na gari, utakuta maandishi kama haya: 2-3S LiPo, 5-9 NiMH. Hayo ndiyo masharti. LiPo na NiMH ni aina za betri, tutazifikia. S huhesabu seli, yaani betri ndogo ndogo zilizofungwa pamoja ndani ya ile moja unayoishika mkononi, zikiwa zimeunganishwa kwa mfuatano ili volti zake zijumlishwe. Seli moja ya LiPo huhesabiwa kuwa na volti 3.7. Kwa hiyo 2S ni volti 7.4, na 3S ni volti 11.1. Seli ya NiMH ni volti 1.2, ndiyo maana betri ya NiMH yenye seli sita huandikwa 7.2V na ya seli saba huandikwa 8.4V.

ESC iliyoandikwa 2S peke yake usiipe 3S. Inaweza kuungua, pengine hata kabla gari halijasogea. Wako wanaojaribu kwa sababu wameona gari la rafiki likiruka kama mshale kwa 3S, lakini gari la rafiki lina ESC yake.

Hata ESC ikiruhusu 3S, itazame mota. Mota isiyo na brashi huwa na alama ya KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja inapozunguka bila mzigo. Mota ya 3000 KV kwa 2S huzunguka kama mara 22,200 kwa dakika. Kwa 3S hufika 33,300. Hilo ni ongezeko la nusu nzima, na gia za plastiki, beringi na matairi vyote vitaulizwa kama viko tayari. Ukipanda kwenda 3S, punguza pinioni, ile gia ndogo iliyokaa kwenye mota, kisha pima joto la mota baada ya dakika chache za kuendesha. Mota usiyoweza kuigusa kwa kidole inaomba mapumziko.

Baada ya volti kuna mambo mawili ya kupima kwa rula na kwa macho. La kwanza ni kitanda cha betri. Betri nyingi za LiPo za gari la kipimo cha 1:10, yaani gari dogo mara kumi kuliko halisi, huja ndani ya kasha gumu lenye urefu wa takriban milimita 138, upana 47 na kimo 25. Ziko pia fupi, zenye urefu wa takriban milimita 96. Tofauti ya milimita mbili tu inatosha kuzuia mfuniko usifunge, na betri isiyofungwa vizuri hurushwa nje gari linapopinduka.

La pili ni plagi. Kuna ile nyeupe ya Tamiya, kuna T, XT60, EC5, Traxxas na nyingine. Ile ya Tamiya imetumika tangu magari haya yalipokuwa na mota za nguvu ndogo, na hupata joto ikipitishiwa umeme mwingi. XT60 imetengenezwa kubeba ampea 60 hivi, inatosha kwa magari mengi ya 1:10.

Usidanganyike kwamba plagi ikiingia basi mambo yamekwisha. Betri nyingine za bei rahisi huja na nyaya zilizogeuzwa, nyekundu mahali pa nyeusi. Kabla ya kuchomeka, hakikisha nyekundu inakutana na nyekundu. Na ukiamua kubadilisha plagi, kata waya mmoja, ulehemu, uufunike, ndipo uuguse wa pili. Ukikata zote mbili kwa koleo mara moja, chuma cha koleo kinaunganisha chanya na hasi, na cheche inayotoka hapo hutafuna makali ya koleo na inaweza kuwasha betri moto.

Kwa ufupi: andika kwenye karatasi volti zinazoruhusiwa, vipimo vya kitanda na aina ya plagi. Nenda dukani na karatasi hiyo.

Kusoma lebo

Chukua lebo ya kawaida: 7.4V 5000mAh 50C 2S1P. Fikiria tangi la maji la nyumbani lililowekwa juu ya mnara. Volti ni kimo cha mnara. Tangi likikaa juu zaidi, maji hushuka kwa nguvu zaidi. Alama ya mAh, miliampea-saa, ni ujazo wa tangi. C ni upana wa bomba.

C ndiyo inayowachanganya wengi, lakini hesabu yake ni nyepesi. Miliampea 5000 ni ampea 5. Zidisha kwa C. Betri ya 5000mAh yenye 30C inadai kuweza kutoa ampea 150 bila kuumia. Gari la 1:10 lenye mota ya brashi halikaribii kiasi hicho hata likikwama kwenye matope. Kwa gari la namna hiyo 25C au 30C ya kweli inatosha kabisa; kuilipia 100C ni kulipia wino wa lebo.

P nayo huhesabu seli zilizowekwa sambamba. 2S1P ina seli mbili. 2S2P ina nne, mbili mbili. Volti hazibadiliki ila ujazo huongezeka maradufu.

NiMH au LiPo?

Magari haya yalipoanza kuenea, miaka ile Tamiya ya Japani ilipotoa Porsche 934 mwaka 1976 na baadaye Hornet mwaka 1984, betri iliyokuja kuenea ilikuwa ya nikeli na kadimiamu, volti 7.2, seli sita. Kadimiamu ni sumu, kwa hiyo nafasi yake ilichukuliwa na NiMH, yaani nikeli na haidridi ya metali. Volti zilibaki zile zile, ujazo ukapanda. Ndiyo maana hadi leo gari la Hornet linalouzwa upya linakubali betri ya 7.2V bila kubadilisha chochote.

Kisha ikaja LiPo, betri ya lithiamu yenye seli bapa zilizofungwa kwenye mfuko laini wa karatasi ya alumini. Sony ndiyo iliyoanza kuuza betri za ioni za lithiamu, mwaka 1991, na watu watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Kwa dereva wa gari la rimoti, tofauti ya LiPo na NiMH anaisikia kidoleni. NiMH huanza na nguvu na kuchoka polepole, mpaka dakika za mwisho gari linatambaa. LiPo hushikilia volti zake karibu muda wote, kisha huanguka ghafla. Tena ni nyepesi: betri ya NiMH ya seli sita kubwa ina uzito wa karibu gramu 400, na LiPo ya 2S yenye ujazo mkubwa zaidi mara nyingi haifiki 300.

Lakini LiPo haina msamaha. Seli moja ikijaa huwa na volti 4.2, wala haipaswi kupita hapo. Ikishuka chini ya 3.0 inaharibika, na mara nyingi haiponi. NiMH ukiisahau kwenye gari wiki nzima itaishiwa chaji, utaichaji, na maisha yataendelea. LiPo ukiisahau imechomekwa kwenye gari usiku mmoja tu, ESC inaendelea kunyonya kidogo kidogo hadi asubuhi, na unaweza kuamka na betri iliyokufa.

Kuzuia hilo, ESC ina kikomo cha volti kinachokata nguvu kabla seli haijashuka mno. Hakikisha kimewashwa. QuicRun 1060 ya Hobbywing, moja ya ESC za mota ya brashi zilizoenea sana, ina vifuniko viwili vidogo vya plastiki vinavyochomekwa kwenye pini ubavuni mwake. Kimoja huchagua aina ya betri. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na kikikaa upande wa NiMH huku umefunga LiPo, gari litaendelea kukimbia kwa furaha huku linaiua betri. Kitazame kila unapobadilisha aina.

Hukumu yangu: gari la mtoto anayecheza bila mkubwa wa kumsimamia, mpe NiMH na asiguse lithiamu. Dereva mkubwa, au kijana aliyefundishwa, achukue LiPo ya 2S yenye kasha gumu. Anayeogopa moto lakini anataka wepesi wa lithiamu aulizie LiFe, lithiamu ya chuma na fosfati, tulivu zaidi kwa joto, ingawa volti zake ni chache, kama 6.6 kwa seli mbili, na gari litapungua kasi.

Dakika ngapi?

Gawanya ampea-saa za betri kwa ampea ambazo gari linakula kwa wastani. Gari la mota ya brashi likila ampea 12 kwenye uwanja tambarare, betri ya 3000mAh, yaani ampea-saa 3, inatoa robo saa. Gari lisilo na brashi likila ampea 20, betri ya 5000mAh nayo inatoa robo saa ile ile. Kwa LiPo toa sehemu moja ya tano, kwa sababu si vyema kuikausha. Zinabaki dakika 12.

Nyasi ndefu, mchanga wa pwani na kuanza na kusimama kila mara huzila dakika hizo haraka. Mchanga mkavu wa ufukweni ndio mbaya kuliko vyote. Na ujazo mkubwa haulipi daima, maana betri nzito hulifanya gari zima kuwa zito, chini huburuza na springi hulala. Mwenye fedha ya betri moja ya 8000 ningemshauri anunue mbili za 4000. Moja ikipoa, nyingine inakimbia, na moja ikifa hujamaliza mchezo.

Tarakimu zinazodanganya

Sasa turudi kwa yule mwenye 3000 na 9900. Magari mengi ya bei ndogo hutumia seli za duara ziitwazo 18650: kipenyo milimita 18, urefu 65. Ndizo hizo hizo zilizomo ndani ya pawabenki na tochi nyingi. Seli bora kabisa za kipimo hicho, kutoka viwanda vinavyoheshimika, hushika miliampea kama 3500, na kidogo zaidi. Seli ya 18650 yenye 9900mAh haipo. Haijatengenezwa. Anayekuandikia 9900 amekuonyesha mwenyewe kwamba lebo yake haiaminiki, na ndani yake mara nyingi mna hata chini ya 1500. Betri ya seli mbili kwa mfuatano iliyoandikwa 3000 inasema jambo linalowezekana. Chukua hiyo.

Mizani ya jikoni husaidia. Seli ya kweli ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ukikuta ya gramu 30, nafasi iliyobaki ndani haina kitu cha maana.

Kipimo kilicho bora zaidi kiko kwenye chaja. Endesha mpaka ESC ikate, subiri betri ipoe, ichaji, kisha soma kwenye kioo cha chaja ni mAh ngapi zimeingia. Betri ya 5000 ikipokea 4300 au 4500 ni ya kweli. Ikipokea 1800, irudishe dukani ukiwa na picha ya kioo hicho. Wanunuzi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, wa Luthuli Avenue jijini Nairobi na wa Deira kule Dubai wanastahili kupata walicholipia, na muuzaji anayejua kwamba wateja wanapima huacha kuleta takataka.

Chaja inastahili heshima

Watu hununua betri nzuri kisha huichaji kwa kijichaja kilichokuja ndani ya boksi. Mimi ningefanya kinyume: ningepunguza bei ya betri nipate chaja bora.

Chaja ya LiPo lazima isawazishe seli. Betri ya 2S ina plagi ndogo nyeupe ya pembeni yenye nyaya tatu, ya 3S ina nne. Kupitia nyaya hizo chaja huona volti za kila seli na kuhakikisha zote zinafika 4.2 pamoja. Bila hivyo seli moja inaweza kufika 4.3 huku mwenzake iko 4.1, na jumla bado ikasomeka sawasawa.

Usiweke LiPo kwenye mpango wa NiMH. Chaja ya NiMH hutambua betri imejaa pale volti zinaposhuka kidogo baada ya kilele. Lithiamu haionyeshi dalili hiyo, kwa hiyo chaja itaendelea kusukuma umeme hadi betri ivimbe na kuwaka.

Kasi ya kuchaji iwe 1C: betri ya 5000mAh kwa ampea 5, ya 2200mAh kwa ampea 2.2. Huchukua kama saa moja. Chaja nyingi za wapenda magari hukubali pia umeme wa moja kwa moja wa volti 11 hadi 18, hivyo unaweza kuzifunga kwenye betri ya gari halisi au ya sola. Huko ambako umeme hukatika mara kwa mara, hiyo ni sifa ya kuilipia.

Usipoendesha kwa siku kadhaa, usiiache LiPo imejaa. Chagua kwenye chaja mpango wa kuhifadhi, unaoifikisha kila seli kwenye volti 3.8 hivi. Betri ya gari la Jumapili inayokaa imejaa kuanzia Jumatatu huvimba mapema, hasa kwenye nyumba zenye joto kama za Mombasa, Tanga au Muscat.

Joto, uvimbe na moto

Betri ya mfuko laini ikivimba utaiona kama mto mdogo uliojaa hewa. Yenye kasha gumu huficha. Pitisha kidole kwenye mshono wa kasha. Ukihisi umefunguka upande mmoja, au betri iliyokuwa ikiingia kitandani kwa urahisi sasa inasukumwa, ndani kumevimba. Ukisikia na harufu ya kemikali yenye utamutamu, mfuko umeshapasuka. Usiichaji tena, wala usiitoboe.

Wakati wa kuchaji, shika haya:

- Weka betri juu ya saruji au vigae, mbali na godoro, pazia na mbao.
- Uwe karibu na uwe macho. Usichaji usiku ukilala wala unapotoka kwenda sokoni.
- Betri iliyotoka kukimbia ipoe kwanza. Ikipita nyuzi joto 60 imeshaanza kuumia.
- Weka ndoo ya mchanga mkavu hatua chache tu kutoka hapo. Moto ukitokea, toa watu nje kwanza, kwa sababu moshi wa lithiamu ni sumu.
- Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Betri iliyokufa usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa nyuma ya nyumba. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko zote, maana anayewasha shimo hilo mara nyingi hajui kilichomo. Ifunge kwenye balbu ya gari ya volti 12, ikiwa nje, mpaka balbu izime na volti ziishe kabisa. Funika ncha kwa utepe wa umeme, kisha uipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Kwa wakazi wa Nairobi, WEEE Centre huzipokea.

Ikiwa inaletwa na msafiri

Betri nyingi nzuri hutufikia kwenye mikoba ya ndugu wanaotoka Dubai au Ulaya. Sheria za usafiri wa anga hupima nishati kwa wati-saa: zidisha volti kwa ampea-saa. LiPo ya 2S ya 5000mAh ni 7.4 mara 5, wati-saa 37. Ya 3S ni 55.5. Hadi wati-saa 100 abiria huruhusiwa kubeba bila kibali maalumu. Kati ya 100 na 160 hutakiwa ruhusa ya shirika la ndege, na zisizidi mbili. Betri za lithiamu za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege. Mwambie huyo ndugu mapema azifunike ncha kwa utepe na kuweka kila moja kwenye mfuko wake, na betri iliyovimba amwachie mwenyewe hata akibembelezwa vipi: betri mbovu haipandi ndege.